Nakala ya Akiba

Dereva wa pikipiki alisimama kwa mara nyingine mbele ya duka lilelile la magodoro, akazima injini, akageuza shingo na kumwuliza abiria wake kama ana hakika na anakokwenda. Abiria alisema ana hakika kabisa. Alikuwa amevaa kofia ngumu iliyombana masikio, begi kubwa mgongoni na dogo tumboni kama mtu aliyebeba mapacha, na hakika yenyewe ilikuwa imemponyoka mitaa miwili nyuma. Lakini huyu alikuwa mwandishi wa safari. Vitabu vyake vilisifiwa, na wale wachache waliovisoma, kwa jinsi anavyoingia katika mji mgeni na kuuelewa kwa kunusa tu. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwuliza njia muuza magodoro.

Dereva hakuwa na sifa ya kulinda, kwa hiyo aliuliza. Muuza magodoro akanyoosha kidole juu ya kichwa chake mwenyewe. Ofisi ilikuwa ghorofani, palepale.

Ngazi ilikuwa nyembamba, na begi la mgongoni likawa linakwaruza ukuta mpaka juu. Mlango wa ofisi ulikuwa wa kioo, umebandikwa karatasi yenye neno moja kubwa: SUKUMA. Mwandishi akavuta. Akavuta tena, kwa adabu zaidi. Ndani, mwanamke mwenye miwani mizito aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta, akamtazama kidogo kwa huruma, kisha akamwonyesha kwa mikono yote miwili jinsi mlango unavyosukumwa.

"Karibu, shemeji," alisema alipoingia. "Unajua lugha saba zote hizo, halafu mlango umekushinda."

Huyo ndiye mtu ambaye mwandishi alikuwa amemfuata. Alikuwa mdogo wake mke wa mwandishi, fundi wa mifumo ya kompyuta, na ofisini hakuna aliyemwita kwa jina la kuzaliwa. Walimwita Nipo, kwa sababu ukimpigia simu wakati wowote, awe sokoni, awe bafuni, awe kwa daktari wa meno mdomo umejaa pamba, atapokea kwa neno hilo moja.

Mwandishi alikuwa anaandika kitabu kuhusu watu ambao kazi yao haionekani mpaka siku inaposimama. Alipomwambia mkewe kwamba angependa kuanza na shemeji yake, mkewe alikubali kabla sentensi haijafika mwisho. Alimpangia begi mwenyewe, akamtilia nguo za wiki nyingi, malapa ya kuogea na aproni. Mume mwenye akili angeuliza habari za aproni. Yeye alidhani mkewe hatimaye ameanza kuipenda fasihi.

Alipewa kiti cha ofisi chenye magurudumu kilichokuwa kinazama taratibu kila alipokikalia, na kutoka huko chini alianza kuuliza maswali.

Kazi yenyewe, ukiisimulia kwa haraka, ni ya tarishi. Maabara kubwa ya mji hupima damu za wagonjwa wa hospitali na zahanati zote za jirani. Jibu likitoka, linapaswa kumfikia muuguzi wodini papo hapo, na likiwa baya, limfikie na daktari popote alipo. Kila jibu ni tukio, alieleza Nipo, na kila tukio lazima limwamshe mtu wa kulipeleka. Mtu huyo ni programu ndogo iliyofungwa ndani ya kontena lake pamoja na kila inachohitaji, kama fundi anayetembea na sanduku lake la vyombo. Pasipo tukio, programu inalala, haimnyimi mtu nafasi wala umeme. Tukio likiingia inaamka, inapeleka, inarudi kulala.

"Mtindo huu tunauita bila seva," alisema.

Mwandishi aliandika hivyo, kisha akainua macho. Nyuma ya Nipo, upande wa pili wa kioo, mashine tatu zilikuwa zinanguruma katika chumba cha baridi, taa zake ndogo za kijani zikipepesa. Aliuliza, kwa upole wa mtu anayeamini amemkamata mtaalamu, zile ni nini.

"Seva."

Nipo hakuona tatizo. Alimwambia achukulie mfano wa kula hotelini. Jiko lipo na masufuria yapo, ila mteja hayaoni wala hayaoshi. Anayeandika zile programu ndogo ndiye mteja. Hajui programu yake italala kwenye mashine ipi, na hana haja ya kujua. Lakini masufuria hayajioshi. "Muosha masufuria ndiye mimi," alisema, akarekebisha miwani.

Mashine zile zilikuwa na majina, kazi ya mwenzake Nipo, kijana mrefu wa nyaya na umeme aliyeitwa Fundi na kila mtu hadi mkuu wa ofisi. Yenye umri mkubwa na kelele nyingi ilikuwa Bibi. Zilizofuata zilikuwa Shangazi na Mjomba. Kwa pamoja zilifanya kazi kama nyumba moja: kontena likikosa nafasi kwa mmoja linapewa kitanda kwa mwingine, wala halilalamiki.

Kilichomsumbua mwandishi kilikuwa kimoja. Ikiwa wote hulala mpaka waamshwe, nani anamwamsha anayeamsha?

Nipo alifurahi, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi yeye mwenyewe. Anayeamsha halali kabisa. Anaitwa msimamizi, naye pia ni programu ndani ya kontena. Akifa yeye, wengine watalala mpaka kiyama huku majibu ya damu yakipanga foleni mlangoni. Ndiyo maana msimamizi hawekwi mmoja. Anawekewa nakala tatu zinazofanana kama vikombe vya seti, lakini inayofanya kazi ni moja tu, kiongozi, na mbili zinakaa akiba. Kiongozi hutakiwa kila baada ya sekunde chache kutia alama kwamba bado yupo. Alama ikionekana, wale wa akiba hawagusi kitu. Ikikosekana, mmoja wao anarukia usukani.

"Kwa hiyo kiongozi kazi yake ni kusema nipo, nipo, nipo," alisema mwandishi.

"Na kufanya kazi. Ila watu wengi husahau hiyo sehemu ya pili."

Mwandishi aliandika sentensi nzuri kuhusu uongozi, akaichorea mstari chini. Aliporudi kuisoma baadaye aligundua kwamba sentensi ilikuwa nzuri kweli, na kwamba kwa ajili yake hakusikia lolote katika maelezo yaliyofuata.

Alichokisikia, kwa sababu Nipo alisimama na kufunga mlango kabla ya kukisema, kilikuwa habari ya jicho.

Jicho lake la kulia lilikuwa linaliwa kutoka pembeni. Kovu dogo nyuma ya mboni lilikuwa linavuta utando, na kila mwezi ulimwengu wa upande ule ulipungua kidogo, kama pazia linalosogezwa na mtu asiye na haraka. Palikuwa na daktari mmoja wa kulishona, kwenye hospitali ya mji anakoishi dada yake, yaani mke wa mwandishi. Nafasi ya kwanza Nipo aliiahirisha kwa sababu ofisi ilikuwa inabadilisha mfumo. Ya pili aliiahirisha kwa sababu baba yao alianguka akavunja nyonga. Ya tatu ilikuwa Jumamosi hii, na daktari alikuwa amemwambia bila kupamba kwamba ya nne haitakuwa na maana, kwa kuwa hakutakuwa na kitu cha kushona. Baada ya hapo angelala kifudifudi kwa wiki kadhaa. Asiguse kompyuta. Asitazame simu.

Treni ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mkuu wa ofisi, mtu mpole aliyependa neno "uhakika" kuliko chakula, alikuwa ametoa ruhusa mara zote mbili za nyuma, na mara zote mbili alipumua kwa raha safari ilipovunjika. Sasa alisema aende, na Mungu amponye, ila kwanza amwonyeshe kwamba mfumo unaweza kusimama bila yeye. Jumatano, saa za kazi, wangezima mashine moja kusudi. Maabara ilikwisha kuarifiwa. Wauguzi wangekaa karibu na simu ya mezani.

"Na nyumbani, kwa baba?" aliuliza mwandishi.

Nipo alimtazama kwa jicho zima na kwa jicho bovu.

"Dada hajakwambia?"

Hapo ndipo mwandishi alipoikumbuka aproni.

Jioni alifikishwa nyumbani na kukabidhiwa rasmi. Baba mkwe wake alikuwa dereva mstaafu wa greda, mtu aliyesawazisha barabara za nusu ya nchi na hakuona sababu ya kusawazisha maneno. Alikaa sebuleni kwenye kiti chenye mto wa ziada, fremu ya kutembelea mbele yake, ubao wa drafti kando na redio pembeni. Aliitikia salamu ya mkwewe, akauliza habari za safari, akauliza kama bado anaandika, na alipoambiwa ndiyo, akasema pole. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu vilivyofuatana, na kila kitu ndani yake kilikuwa kinaendeshwa na sauti moja. Nipo alikuwa anapika huku akielekeza jirani kwa simu namna ya kufunga bomba, huku akimwambia baba asiinuke bila fremu, huku akisoma ujumbe wa ofisi ameusogeza kwenye jicho la kushoto.

Mpango wa nyumbani aliueleza kwa fahari. Palikuwa na watu watatu wa kumtazama mzee: yeye mwenyewe; Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja; na sasa shemeji. Watatu, kama ofisini. Mwandishi aliona kwamba kitabu kinajiandika chenyewe. Usiku ule, kabla ya kulala, aliandika aya nzima ya ushindi kuhusu mashine itakayozimwa na majibu yatakayoendelea kutiririka kama maji, akaacha nafasi ya kujaza tu ni mashine ipi.

Ilikuwa Bibi. Nipo aliichagua kwa kuwa ndiyo yenye dalili za kufa kwanza, na kwa kuwa ukitaka kujua kama nyumba itasimama, unaondoa nguzo kuukuu. Jumatano baada ya chai watu wote wa ofisi walijikusanya mbele ya kioo kama wageni wa harusi. Fundi aliingia chumba cha baridi, akatazama nyuma mara moja kuomba idhini, akachomoa waya.

Mngurumo ulipungua. Kwenye skrini kubwa ukutani palikuwa na mstari wa kijani unaopanda na kushuka kila jibu lilipopita. Ulishuka. Walingoja upande tena. Mkuu wa ofisi alitabasamu kwa uhakika, kisha kwa uhakika mdogo zaidi. Mstari ulibaki sakafuni, umenyooka kama barabara za baba mkwe. Simu ya mezani ikaanza kulia. Muuguzi wa wodi ya upasuaji alitaka kujua kama jibu lake liko njiani au hakuna njia.

Nipo alikuwa ameshafika kwenye kibodi. Hakupiga kelele. Aliuliza orodha ya nani alikuwa amelala wapi, uso ameubana kwenye skrini, kisha akarudi nyuma taratibu na kuweka mikono kichwani.

Nakala zote tatu za msimamizi zilikuwa kwa Bibi. Kiongozi na akiba zake, wote kitanda kimoja.

Ilivyotokea ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomwuma. Mwezi uliopita Shangazi na Mjomba walizimwa kwa zamu ili Fundi awasafishe feni na kuwabadilishia diski. Alipofungwa mmoja, waliolala kwake walihamia kwingine; alipofungwa wa pili, wakahamia tena, na mwisho wakajikuta wote kwa Bibi. Shangazi na Mjomba walipowashwa, hakuna aliyerudi, kwa sababu mfumo haumhamishi aliyekwisha kukaa vizuri. Nipo alikuwa ameagiza ziwepo nakala tatu, na tatu zilikuwepo kila siku alipohesabu. Hakuwa ameagiza zikae mbalimbali.

"Kama wajukuu wakati wa likizo," alisema Fundi kutoka mlangoni, waya bado mkononi. "Wote kwa bibi."

Hakuna aliyecheka ila Nipo. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Miaka hii yote, alisema, anawafundisha watu wa ofisi nyingine wasiweke vitu vyote mahali pamoja, analipiwa mpaka nauli kwenda kuwafundisha, na yeye amejenga ngome ya walinzi watatu wote wamesimama juu ya stuli moja.

Hakuna jibu lililopotea. Foleni ilikuwa imehifadhiwa kwingine, nje ya Bibi, na ilishika kila tukio. Baada ya dakika kadhaa mashine mbili zilizobaki zilikubali kwamba Bibi kweli hayupo, zikaanzisha wasimamizi wapya, na mstari wa kijani ukaruka juu kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Lakini dakika kadhaa kwa muuguzi wa upasuaji si jambo la kuchekea. Nipo alipomaliza kumwomba radhi kwa simu, kicheko kilikuwa kimemwisha. Alikaa kitini kwake, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba safari haipo. Daktari atapanga siku nyingine.

Mkuu wa ofisi alitazama sakafu. Kwa aibu yake, alikuwa anapumua kwa raha.

Mwandishi naye, kwa aibu yake kubwa zaidi, jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa ile aya ya ushindi ambayo sasa ni ya kutupwa. Jambo la pili lilikuwa mkewe. Ndipo akakohoa na kusema kwamba yeye si mtaalamu, kauli ambayo ndani ya chumba kile haikuhitaji ushahidi, ila angependa kuelewa: kosa hili linarekebishwa kwa wiki ngapi?

"Wiki?" Fundi alisema. "Ni mistari michache. Unaandika nakala mbili zisilale mashine moja. Unaandika pia mashine ikifungwa kwa usafi, zisiondolewe zote kwa pamoja. Basi."

"Sasa kinachomzuia kusafiri ni nini?"

Fundi alimtazama Nipo, kisha akatazama viatu vyake. Alisema hajawahi kuiandika yeye. Kila akianza, Dada, yaani Nipo, anakuwa amekwisha maliza. Simu ikilia, kabla hajainuka, Dada amekwisha pokea. Haikuwa lawama, aliisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nipo alijibu kwamba angemwachia kila kitu, kama tu angemwuliza.

"Nitauliza lini, Dada? Wewe kila sekunde unasema upo."

Nyuma ya kioo mashine mbili zilinguruma kana kwamba zinakubali.

Nipo alikuwa mtu wa kubishana na watu, lakini si na mfumo. Alikaa akiufikiria usemi ule, midomo ikichezacheza, kisha akatoa simu mfukoni, akaizima, akampa mwandishi. Alimwambia Fundi aandike kanuni zote mbili, amwashe Bibi, awatawanye wasimamizi kiongozi akiwa kwa Bibi, kisha amzime tena. Yeye atakuwa ngazini. Wasimwite.

Walikaa kwenye ngazi nyembamba, shemeji wawili, juu ya harufu ya magodoro mapya. Mwandishi alijaribu kumliwaza kwa hadithi ya jinsi alivyopotea kwenye kituo cha treni cha mji fulani akijaribu lugha yake ya tano, akaelekezwa kwa heshima zote kwenye chumba cha kuhifadhia maiti. Nipo hakusikiliza. Alikuwa anasikiliza ukuta. Aliposikia mngurumo ukipungua alimshika mwandishi mkono, akaubana mpaka kalamu ikaanguka ngazi zote hadi chini. Alisema hivi ndivyo atakavyokuwa kitandani kule, kifudifudi, hajui. Mwandishi aliuacha mkono ubanwe, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuifuata kalamu.

Mlango wa kioo ukafunguliwa. Fundi alisimama pale, mrefu, amesahau kuinama, akagonga kichwa kwenye fremu.

"Shangazi ameshika usukani," alisema akijipapasa paji la uso. "Kuna jibu moja lilichelewa kidogo. Muuguzi hata hakupiga."

Nipo aliuliza kama ana hakika. Fundi akasema aende akaangalie mwenyewe. Aliinuka nusu, akabaki hivyo, mkono ukutani. Kisha akakaa tena.

"Hapana," alisema. "Umeangalia wewe."

Mkuu wa ofisi alitia saini likizo siku hiyohiyo, kwa mkono usio na uhakika sana, lakini alitia.

Jioni, walipokuwa wanatembea kuelekea nyumbani, mwandishi alikuwa bado anasikia ladha ya ushindi ambao hakuuchangia sana, ikamfanya awe mjuaji. Aliuliza ufunguo wa kabati la dawa za mzee huwa wapi. Mkobani, alisema Nipo. Mama Pacha anajuaje kidonge kipi ni cha asubuhi? Hunipigia. Na mimi nitajuaje? Utanipigia. Alisema hivyo, akatembea hatua chache zaidi, kisha akasimama katikati ya njia hata mtu wa mkokoteni akalazimika kumpigia mluzi.

"Shemeji," alisema. "Nyumbani nako tumelala wote kwa Bibi."

Kwa hiyo walifanya jaribio la pili. Alhamisi Nipo alichonga funguo mbili, akampa mmoja Mama Pacha na mwingine mwandishi. Akatenganisha dawa kwenye vikopo vya rangi mbili, akamfanya mwandishi amsomee mpangilio wote bila kutazama, kama mtoto wa chekechea. Wakati wa dawa za jioni ulipofika alipita mlango wa nyuma akaenda kukaa kwa Mama Pacha, upande wa pili wa ukuta.

Mwandishi alifunga aproni, akapeleka kikopo na maji. Mzee aliuliza binti yangu yuko wapi. Ametoka, baba. Basi atakaporudi nitakunywa. Mwandishi alieleza umuhimu wa kuzingatia saa. Mzee akaongeza sauti ya redio. Mwandishi alieleza tena, kwa mpangilio, kwa hoja tatu, kwa ufasaha ule uliowahi kumpatia makofi katika kumbi za miji ya mbali. Mzee aliita jina la binti yake kwa sauti ya kuvuka kelele za greda. Kila mtu mtaani alisikia. Nipo, nyuma ya ukuta, alisikia. Mama Pacha alisema baadaye kwamba ilibidi Nipo apakatishwe mmoja wa pacha ili mikono yake iwe na kazi.

Nipo hakuja. Mzee aliita mara ya pili, kwa upole zaidi, na sauti ile ya pili ilikuwa ngumu kuisikia kuliko ya kwanza. Kisha alimgeukia mkwewe, akamkagua toka malapa hadi aproni.

"Drafti unajua?"

Mwandishi alisema anajua kiasi. Mzee akasema atakunywa kidonge kimoja kwa kila kete atakayokula. Vidonge vilikuwa vinne, na mwandishi, ambaye usiku wote wa jana alikuwa akijiuliza atawezaje kushinda moyo wa mzee huyu, aligundua kwamba kilichotakiwa ni kushindwa, jambo ambalo alikuwa na kipaji nalo. Vidonge viliisha haraka mno. Mzee aliendelea kula kete bila dawa, na mara moja alihamisha moja kwa kidole akidhani hatazamwi. Alipopeleka ubao pembeni alisema mkwe wake anacheza kama anavyoandika, anazunguka sana.

Nipo aliporudi alikuta kikopo kitupu na baba yake akisinzia. Alisimama kwenye mlango wa sebule kwa muda, hajavua viatu. Mwandishi alitegemea shukrani. Badala yake aliona kwamba shemeji yake ameumia kidogo, mahali ambapo hakuna mtu angepaona, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Alimwambia kwamba mzee alimwita mara mbili.

"Nilisikia," alisema Nipo. Kisha, akifungua viatu: "Ya pili karibu initoe."

Kituo cha treni asubuhi ya Ijumaa kilikuwa na upepo na chai ya vikombe vya karatasi. Fundi alikuwa amekuja kubeba sanduku, na alilibeba hadi ndani ya behewa, akaliweka juu, akalishusha akaliweka vizuri zaidi. Nipo alimpa maagizo matatu, akaanza la nne, akalimeza. Fundi alimwambia akapone, Dada, akaondoka upesi kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza, na ilikuwa kweli yake peke yake.

Mwandishi alibaki chini ya dirisha. Alikuwa amezoea sana kuwa upande wa pili wa dirisha la treni. Katika vitabu vyake vyote yeye ndiye anayepunga mkono akiondoka, na wenyeji ndio wanaobaki wakipungua ukubwa. Hakuwa amejua kwamba anayebaki hana la kufanya na mikono yake. Nipo alishusha kioo, akamnyooshea simu yake.

"Kaa nayo wewe. Nikiwa nayo nitachungulia."

"Wakipiga niwaambie nini?"

"Wa ofisi wampigie Fundi. Wa nyumbani..." Alifikiri. "Wa nyumbani ni wako."

Alimuuliza pia kama ataandika kwamba zote tatu zilikuwa kwa Bibi. Mwandishi alisema bila hiyo hana kitabu. Nipo akacheka, akasema basi aandike na mlango. Treni ikatikisika. Aligeuza uso ili amtazame kwa jicho la kushoto, kisha, kama mtu anayejaribu kitu kwa mara ya mwisho, akafumba la kushoto na kumtazama kwa la kulia. Chochote alichokiona, alikipungia mkono.

Behewa la mwisho lilikuwa bado linapita alipohisi simu ikitetemeka kiganjani. Ilikuwa nyumbani. Aliitazama ikitetemeka, akasubiri kwa mazoea mtu apokee, kisha akaiweka sikioni.

"Nipo," alisema.

Upande wa pili redio ilikuwa inakwaruza.

"Sikukutafuta wewe," alisema baba mkwe. Akapumua. "Haya. Ukiwa unarudi, pitia betri za redio. Zile kubwa. Na usipotee."